Nilificha Sala Zangu Ili Nionekane Nina Akili

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa kwanza chuoni aliniandikia. Alianza na shikamoo, kama kawaida yake, kisha akatuma picha ya grafu. Mstari mmoja unaonyesha wastani wa akili za mataifa, mwingine asilimia ya watu wasioamini Mungu. Nchi za Ulaya zimekaa juu, sisi tumerundikwa chini kwenye kona. Akaandika: "Dada, hii ni kweli? Wenzangu bwenini wanasema mtu akiwa na akili sawasawa lazima aache dini. Nimeanza kuona aibu kwenda msikitini."

Hilo neno aibu lilininyima usingizi. Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili, lakini aibu hiyo naijua, nimelala nayo miaka mingi, na najua wako wengi humu wenye ndoto kama zangu wanaoibeba kimya kimya. Kwa hiyo naandika hapa.

Mimi ni mtoto wa mwalimu wa madrasa, Tanga. Hesabu sikuifahamu kwanza shuleni, niliifahamu barazani kwa baba, kwenye somo la mirathi. Nilikuwa na miaka kumi na moja aliponipa suala hili: mwanamke amefariki, hana mtoto wala wazazi, ameacha mume na dada zake wawili wa baba na mama mmoja. Mume fungu lake nusu. Dada wawili fungu lao theluthi mbili. Gawa. Nilijumlisha nikapata saba juu ya sita. Mali imekwisha na bado watu wanadai. Nikadhani nimekosea. Baba akaniambia sijakosea, nitazame tena. Ndipo akanifundisha auli: mafungu yanapozidi mali, kila mmoja anapunguziwa kwa kadiri ya fungu lake, na mali inagawanywa kwa saba badala ya sita. Siku ile nilipenda hesabu. Sikuona hata kidogo kwamba dini imekaa chumba hiki na akili chumba kile.

Mwaka 2010 nikaingia chuo kikuu kusoma takwimu. Sekondari nilikuwa wa kwanza kwa wasichana na nilikwenda na kiburi changu chote. Muhula wa kwanza bibi alinitumia kombe kwenye chupa, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa na mtu anayemwamini, ninywe asubuhi ya mtihani. Nikalinywa. Lakini wiki mbili kabla nilikuwa sijafungua daftari vya kutosha, nikijiambia dua za nyumbani zitanibeba. Nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Bibi hana kosa, alinitumia mapenzi yake. Kosa lilikuwa langu, niliyeyafanya mapenzi yake kuwa kisingizio cha uvivu. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nakuja kuwatetea waumini kwa kila kitu.

Pigo lenyewe lilikuja mwaka wa pili. Tulikuwa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kujisomea, diskasheni ya watu sita, jioni. Mwenzetu mmoja, kijana mwepesi wa kufikiri na anayependa ijulikane hivyo, akatoa swali: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100. Daftari limeizidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu bei gani? Nikadakia: mia! Akatabasamu, akasubiri wengine watambue. Jibu ni 50, maana kalamu ikiwa mia daftari linakuwa 1,100 peke yake. Adhana ya Alasiri ilikuwa imetoka kusikika, nami nilikuwa nimeanza kukusanya vitu vyangu. Akasema: "Ndiyo maana unasali. Akili inayokimbilia jibu la kwanza ndiyo hiyo inayokimbilia kwa Mungu." Watu wakacheka. Nikakaa chini.

Nilikaa chini kwa miaka miwili. Mwanzoni nilikuwa nalipa kadha, yaani sala zilizonipita, usiku, mlango umefungwa, mwenzangu wa chumba akiwa amelala. Baadaye hata kadha nikaacha. Sikuacha kuamini, naomba hili lieleweke. Hakuna hoja iliyonishinda, sikusoma kitu kikanibadilisha. Niliacha kwa sababu nilitaka watu sita wanione nina akili. Baba akipiga simu akiuliza, "Umeshasali, mwanangu?" nilimjibu nimeshasali.

Akaja kwenye mahafali yangu mwaka 2013. Alifika chumbani kwangu adhuhuri, akatawadha, akatandika kitambaa, akauliza: "Kibla kiko wapi hapa?" Chumba hicho nimekaa mwaka mzima. Nikasita. Hakusema neno. Alichungulia dirishani akatazama kivuli cha mti, akageuka mwenyewe, akakimu. Shahada yangu ilikuwa mezani, daraja la kwanza.

Yaliyofuata hayana mengi: kazi, nauli, kodi ya nyumba. Mwaka jana nimemaliza shahada ya uzamili katika takwimu, nikiongoza darasa letu lote, na kila Alasiri ya masomo hayo nilisali mahali ambapo yeyote angeweza kuniona. Ninalitaja kwa fahari, sitaomba radhi.

Sasa turudi kwa kijana na grafu yake.

Sitamdanganya. Uhusiano kati ya akili na dini umepimwa, na upo. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Miron Zuckerman na wenzake wawili walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 63, wakapata wastani wa hasi 0.24. Namba hiyo isomeke hivi: sifuri maana yake hakuna uhusiano kabisa, na hasi moja maana yake kimoja kikipanda kingine kinashuka bila kukosea hata mara moja. Hasi 0.24 ukiizidisha kwa yenyewe unapata chini ya asilimia 6. Yaani tofauti zote zinazowatenganisha watu katika dini, zaidi ya asilimia 94 hazielezwi na alama za vipimo vya akili. Zinatokana na mengine: nani alikulea, ulizaliwa wapi, yapi yamekupata. Halafu tafiti hizo nyingi ni za Marekani na nchi za Magharibi, na watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba matokeo yasipelekwe kila mahali. Ukimkuta mtu amesujudu, namba hii haikwambii chochote cha maana kuhusu kichwa chake.

Tena, moja ya sababu walizozipendekeza ni kwamba wenye alama za juu huwa hawapendi kufuata mkumbo, kwa hiyo katika jamii ya waumini wao ndio hutoka. Nimeifikiria sana sababu hiyo. Mdogo wangu, bwenini kwako mkumbo unaelekea wapi?

Na grafu yenyewe inatokana na kazi ya mwanasaikolojia Richard Lynn na wenzake ya mwaka 2009, nchi 137. Hapa hasira inanipanda na sitaificha. Lynn huyohuyo, pamoja na Tatu Vanhanen, mwaka 2002 alitoa orodha ya akili za nchi 185. Zilizokuwa na vipimo ni 81 tu. Nchi 104 zilizobaki walizikadiria kwa kutazama majirani zao. Mwanafunzi akiniletea data namna hiyo namrudishia karatasi yake. Na hata pale palipopimwa, alama hizo hufuata shule, lishe na afya. Mtafiti James Flynn alionyesha kwamba alama za Wamarekani zilipanda kwa karibu pointi 3 kila miaka kumi katika karne iliyopita; bongo za watu hazibadiliki kwa kasi hiyo, yanayobadilika ni maisha yao. Nchi tajiri zina shule nyingi, na nchi tajiri nyingi zimepunguza dini. Ukichora mistari hiyo miwili pamoja, itapendana tu.

Nilipokuwa nikitafuta haya ndipo nikakutana na swali la daftari na kalamu. Kumbe asili yake ni swali la mpira na gongo la kuupigia, moja ya maswali matatu ya mtafiti Shane Frederick aliyoyachapisha mwaka 2005, ya kupima kama mtu anasimama kulikagua jibu la kwanza linalomjia. Wanafunzi wa MIT, chuo maarufu cha teknolojia cha Marekani ambacho kila mmoja wetu angejivunia kuvaa fulana yake, waliopata yote matatu hawakufika nusu: asilimia 48. Nilisoma mstari huo nikafunga kompyuta nikalia. Miaka miwili ya sala, kwa ajili ya kosa walilolifanya watu wa MIT.

Kuna watafiti waliosema mwaka 2012 kwamba ukimtazamisha mtu picha ya ile sanamu ya mtu anayewaza, imani yake kwa Mungu inapungua papo hapo. Ilizungumzwa sana. Wengine waliporudia jaribio kwa watu wengi zaidi, hawakuona kitu.

Waumini nao nawaomba waache jambo moja. Mkisikia hoja hii mnakimbilia orodha: Georges Lemaître alikuwa padri na ndiye aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, Gregor Mendel, aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, alikuwa mtawa, al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeipa dunia neno aljebra, sehemu kubwa ya kitabu chake ni mirathi, hesabu zilezile za baraza la baba. Nazipenda habari hizi. Ila orodha ya majina haithibitishi chochote, kwa sababu upande wa pili nao wana orodha yao: mwanafalsafa Bertrand Russell hakuamini, na mwaka 1998 wanasayansi wa akademia ya taifa ya sayansi ya Marekani walipoulizwa kuhusu Mungu anayesikia dua, waliosema wanaamini walikuwa asilimia 7. Majina yanaonyesha kwamba inawezekana kuwa na vyote viwili. Hilo tu, nalo latosha kwa mtu aliyeambiwa haiwezekani.

Mtaniuliza ushauri. Kwanza, ukiletewa grafu, uliza nani alipimwa. Pili, uliza tena nani alipimwa. Usiache sala yako kwa kicheko, na usiache kusoma kwa sababu ya sala yako. Yote mawili nimeyafanya na yote mawili yamenigharimu. Ikiwa umekaa, umesoma, umetafakari, na moyo wako umefika mahali pengine, hayo ni yako na sina fimbo ya kukuchapa. Lakini kuacha kwa aibu si kutafakari. Ni woga, na woga huo unajifunika shuka la akili. Jamani, tuwe wakweli na nafsi zetu! Wangapi tumejiita wenye fikra huru na kumbe tulikuwa tunaogopa watu sita kwenye kimbweta?

Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, alipopewa Nobel ya fizikia mwaka 1979, alisimama Stockholm kwenye karamu akasoma aya za Suratul Mulk: huoni tofauti yoyote katika uumbaji wa Mwingi wa Rehema, basi rudisha jicho, je, unaona kasoro yoyote? Kisha rudisha jicho tena, na tena. Aya hizo nilizihifadhi nikiwa mtoto na sikuwahi kuziona kama mtu wa takwimu anavyopaswa kuziona. Nitazame tena. Baba alikuwa ananiambia hivyohivyo barazani.

Kijana nilimjibu haya kwa ufupi, kisha nikamtumia suala la mume na dada wawili. Alijibu haraka: mume nusu, dada nusu iliyobaki. Sikumwandikia kitu. Saa saba usiku simu ikatetemeka. "Dada, samahani kwa usiku huu. Nimetazama tena. Mali mafungu saba: mume matatu, dada wanne, kila mmoja mawili." Dakika moja baadaye akafuta neno "wanne" akaandika "manne".