Macho yanachoma jioni, ninunue miwani ya mwanga wa bluu?

SWALI: Habari zenu wahariri, mimi nashinda kwenye kompyuta toka asubuhi, nikimaliza kazi nahamia kwenye simu mpaka nalala. Siku hizi ikifika jioni macho yanachoma kama yameingia mchanga, maandishi yanakuwa na ukungu na kichwa kinagonga. Kuna mtu kaniambia ninunue miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, eti hizi skrini zinaua macho. Ni kweli?

JIBU: Pole sana ndugu, ila hiyo hela ya miwani ishikilie kwanza. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walipitia majaribio 17 ya hiyo miwani na hawakuona kama inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida, na mwanga wa skrini haujaonekana kuharibu jicho. Kinachokuchosha ni vile unavyokodoa. Mtu kwa kawaida anapepesa macho kama mara 15 kwa dakika, akizama kwenye skrini zinashuka hata chini ya nusu, sasa machozi yanakauka ndo unasikia mchanga na ukungu, halafu ule msuli wa ndani ya jicho unaokaza ili uone karibu unakaa umekaza masaa na masaa, utaachaje kuchoka?

Kwa hiyo kila dakika 20 inua macho, angalia kitu cha mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi, funga kope kabisa sio nusu nusu. Skrini ikae mbali nawe kama urefu wa mkono na iwe chini kidogo ya usawa wa macho, maana ukitazama juu jicho linafunguka zaidi na linakauka haraka. Feni au AC isikupulize usoni. Mwangaza wa skrini ulingane na wa chumba, na dirisha likae ubavuni, sio mbele wala nyuma yako.

Simu ya usiku ni kesi nyingine, hapo mwanga unachelewesha usingizi kweli, iweke pembeni mapema.

Ukiona bado, kapime macho, hasa kama umeshagonga miaka 40, huenda unahitaji miwani ya kusomea tu. Matone ya machozi bandia sawa, ila yale ya kuondoa wekundu usiyazoee, ukiyaacha wekundu unarudi na hasira. Na uono ukipotea ghafla au ukiona vimulimuli, hospitali siku hiyo hiyo.