Jicho linalolia peke yake

Mwanangu wa kwanza alikuwa na wiki tatu nilipoona jicho lake la kushoto halikauki. Halii, hana homa, ananyonya vizuri, lakini chozi limejaa ukingoni. Asubuhi kope zimegandana kwa matongotongo ya njano, mpaka nizilainishe ndipo afumbue.

Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama mkwe akasema nimkamulie maziwa. Jirani, chai ya rangi iliyopoa. Muuzaji wa duka la dawa akanipa matone bila hata kuliona jicho. Nashukuru sikuyatia: baadhi ya matone yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na hayo hayawekwi kwa mtoto bila mtaalamu.

Nesi wa kliniki alilitazama, akaona weupe wa jicho ni safi, akatulia. Akanieleza kwamba machozi huingia kwenye vitundu vidogo karibu na pua, yakakusanyika katika kifuko, kisha yakashuka kwa mrija hadi ndani ya pua. (Ndiyo maana tukilia kamasi hututoka.) Kwa watoto wengine mwisho wa mrija huo una utando ambao haujafunguka, basi yanafurika. Kwa watoto kama tisa kati ya kumi huzibuka wenyewe kabla ya mwaka mmoja.

Alinifundisha kukanda, nami nikakosea wiki nzima. Nilikuwa nasugua ubavu wa pua juu juu, kama napaka mafuta. Niliporudi akanishika kidole: unabonyeza kwenye pembe ya jicho, pale kati ya jicho na pua, kisha unashusha kuelekea puani. Nguvu yake ni ya kubonyeza nyanya mbivu bila kuipasua. Mara tano hadi kumi, na kwa siku urudie mara mbili hadi nne. Mimi nilifanya wakati wa kunyonyesha, kwa kuwa ndipo anapotulia. Kucha fupi, mikono imenawiwa. Matongotongo yakichomoza ukibonyeza, usishtuke, yafute kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila pamba futa mara moja, tupa.

Lakini si kila jicho la maji ni mrija. Mtoto mchanga ambaye hajafikisha mwezi, kope zimevimba na usaha unamwagika, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: kisonono anachopata wakati wa kuzaliwa kinaweza kumpofusha kwa siku chache, na ndiyo sababu watoto hupakwa tetrasaiklini ya macho mara wanapozaliwa. Vilevile usisubiri jicho likiwa jekundu, au kukitokea uvimbe mwekundu kwenye pembe ya jicho, au mtoto akikwepa mwanga, au kioo cha jicho kikipata ukungu, au jicho likionekana kubwa kuliko kawaida. Dalili hizo tatu za mwisho huenda ni presha ya macho. Na ukiona weupe katikati ya mboni, hata kwenye picha ya simu tu, nenda.

Jicho la mwanangu wa kwanza lilikauka akiwa na miezi minane. Mdogo wake ana miezi 13 na la kulia bado linatiririka, kwa hiyo tumepangiwa siku. Daktari wa macho atapitisha kijiti chembamba kwenye mrija, mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Mama mkwe bado anaulizia maziwa.