Maswali yenu ya muvi za mateke (na nguo za kininja tena)

*Kwanini kwenye muvi za kareti za Wachina adui ni Mjapani kila siku? (Makorora)*

Kwanza kareti ni ya Wajapani, imetokea Okinawa, Mchina ana kung fu yake, nimeshasema humu mpaka sauti imekauka. Ila swali tamu. Japani ilivamia China 1937 na yaliyofanyika miaka ile hayajasahaulika. Kwenye Ip Man ya 2008, Donnie Yen anayeigiza Ip Man yuko mji wa Foshan huko China, Wajapani wameushika, watu wanapigana ili wapewe mchele, sasa pale anapotaka aletewe watu kumi kwa mpigo ujue hapo inagomba njaa ya mji mzima. Sisi kibandani Ngamiani dijei wa kutafsiri alituambia jamaa anadai kodi ya chumba! Tukacheka kweli, tukatoka tunajua ni ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba. Hawa madijei nawapenda lakini wametuibia nusu ya muvi, bora usikilize Kichina usichokijua ukatazama nyuso.

*Kwahiyo Ip Man ni stori ya kweli?*

Mtu alikuwepo, alifundisha Wing Chun, aina ya kung fu, huko Hong Kong, Bruce Lee kapita mikononi mwake, kafa 1972. Lile pambano na jenerali wa Kijapani kwenye muvi ni la kutunga. Usije ukaliandika kwenye mtihani wa historia.

*Bruce Lee waliomuua ni kina nani?*

Jamani! Ubongo ulivimba, 20 Julai 1973, Hong Kong. Nikiliona swali hili tena nalifuta.

*Yule wa Ong-Bak mbona viwiko na magoti tu, kung fu haijui?*

Haijui na haitaki. Tony Jaa ni Mthai, ile ni Muay Thai, ngumi na mateke ya kwao, na muvi yenyewe ya 2003 inahusu kichwa cha sanamu ya Buddha kilichoibiwa kijijini, kijana anakifuata mpaka Bangkok. Ukikifuata kitu cha kwenu unapigana kikwenu.

*Bro, mi na washkaji hapa Tanga tunataka kushuti yetu, nguo za kininja tushanunua, tuanzie wapi?*

Ninja naye Mjapani, mdogo wangu, halafu joto lote hili mtajifunika nyuso? Stori ya kushuti mnayo, Pangani hiyo hapo. 1888 watu wa pwani walimgomea Mjerumani, Abushiri akiwa mbele, Desemba 1889 Wajerumani wakamnyonga palepale Pangani. Kupigana kikwetu kupo pia, kirumbizi ile ngoma ya fimbo, tafuteni mzee anayeijua awafunze hatua zake kabla hamjashika kamera. Na msirukeruke juu ya mabati ya watu, godoro halidaki shingo. Hizo nguo kama risiti mnayo zirudisheni.