Kumzalisha kardinali wa Banggai nyumbani: ushauri kwa mfugaji anayeanza

Mtu anayetaka kuzalisha samaki wa maji ya chumvi kwa mara ya kwanza, mimi humshauri aanze na kardinali wa Banggai, Pterapogon kauderni. Ni samaki mdogo wa rangi ya fedha, mwenye mistari mitatu myeusi na mapezi marefu yenye madoa meupe, na akikomaa hufikia urefu wa kama sentimita 8. Uzuri wake unaonekana wazi, lakini sababu ya kumchagua ni malezi yake. Watoto wa samaki wengi wa baharini hupeperushwa na maji kwa majuma kadhaa, wakihitaji chakula kidogo kisichoonekana kwa macho, ilhali watoto wa kardinali hutoka kinywani mwa baba yao wakiwa na umbo kamili, na huweza kula siku hiyo hiyo.

Hali hiyo ndiyo inayomponza kwao. Samaki huyu asili yake ni visiwa vya Banggai nchini Indonesia, mashariki ya Sulawesi, na kwa kuwa watoto wake hawasafirishwi na mikondo, mahali palipovuliwa hadi pakaisha hapapati wageni wa kujaza pengo. Wanasayansi walimweleza mwaka 1933, biashara ya samaki wa mapambo ikamvamia katika miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2007 alikuwa amewekwa katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo nakuomba ununue wale waliozaliwa kwa wafugaji. Wale waliovuliwa baharini mara nyingi hufika wakiwa wamechoka, na baadhi yao hubeba kirusi kinachowaua ndani ya siku chache. Ukiwa dukani, omba samaki alishwe mbele yako, asiyekula muache.

Kuhusu maji sitasema mengi. Tangi la lita 120 linawatosha dume na jike mmoja, joto likiwa kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Liache tangi lifanye kazi bila samaki kwa wiki nne hadi sita, mpaka vipimo vionyeshe kwamba amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu unaooza majini, zimekwisha kabisa. Maji yanayopungua kwa mvuke yarudishie kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, nawe ukiongeza maji ya chumvi kila siku utayafanya makali bila kujua.

Kumtofautisha dume na jike kwa macho ni kazi ngumu, na mimi mwenyewe nimekosea zaidi ya mara moja. Njia ya kuaminika ni kununua wachanga wanne au watano, kuwakuza pamoja, na kusubiri wawili waanze kuogelea ubavu kwa ubavu huku wakiwafukuza wenzao. Siku utakayoona hivyo, waondoe wale wengine bila kuchelewa, kwani watapigwa mpaka wafe.

Jike hutoa kishada cha mayai ya rangi ya machungwa, nalo dume hukidaka mara moja na kukiatamia kinywani. Utamjua kwa taya la chini lililovimba na kwa kukataa chakula. Mayai huanguliwa baada ya siku 20 hivi, kisha watoto hubaki humo kinywani kwa siku 10 nyingine, na katika muda huo wote baba yao hali kitu. Hapa ndipo wageni wengi tunapoharibu. Dume wangu wa kwanza nilimhamisha kwa wavu siku ya 12, nikidhani ninamkinga na msukosuko. Akashtuka, akatema kishada chote mchangani, na hakukirudia tena. Nilipoinama kukitazama, macho ya watoto yalikuwa tayari yanaonekana ndani ya mayai. Tangu siku hiyo, dume anayeatamia simgusi hadi siku ya 25 hivi, nami humhamisha usiku, taa zikiwa zimefifia, kwa kumteka kwa chombo kinachoonyesha ndani ili atoke pamoja na maji yake. Kumhamisha ni lazima, kwa sababu katika tangi la wakubwa watoto huliwa.

Kabla hajatema, uwe umekwisha kuangua atemia, wale kamba wadogo mno ambao mayai yao huuzwa yakiwa makavu na huanguliwa kwa takriban saa 24 katika maji ya chumvi yenye joto na hewa. Usiishie hapo, kwani atemia watupu hawana mafuta ya kutosha. Walishe kwanza kirutubisho chenye mafuta ya omega-3, kisha ndipo uwape watoto. Niliwahi kukuza watoto kwa atemia watupu. Walionekana wazima kabisa, mpaka asubuhi moja nilipowasha taa ghafla, wakatetemeka na kulala ubavu, na wengi hawakuinuka.

Baharini watoto hawa hujificha kati ya miiba mirefu myeusi ya wale viumbe wa mwambani ambao wapiga mbizi wa pwani yetu huwaogopa kuwakanyaga. Nyumbani, vifungio vyeusi vya plastiki vya kufungia nyaya, vikichomekwa kwenye mpira mdogo vikasambaa kila upande, vinatosha. Utawaona wameingia humo kabla hujaondoa mkono majini.

Dume akishatema, usimrudishe upesi kwa jike, maana atapewa mayai mengine angali amekonda. Mtenge kwa wiki kadhaa, umlishe kamba waliogandishwa mara mbili au tatu kwa siku, mpaka tumbo lililobonyea lijae na mgongo urudi kuwa mnene.