Kabla ya Kumwita Kocha wa Mashambulizi kutoka Ng'ambo

Wadogo zangu mnaoingia sasa katika kamati za ufundi za raga, wiki iliyopita niliketi nyuma ya chumba cha mkutano hapa Nairobi nikawatazama mkilirudia kosa nililolifanya mimi miaka mingi iliyopita, tena kwa mpangilio uleule. Mlizima taa, mkaonyesha ukutani video ya dakika sita ya trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) za timu ambayo mwombaji mmoja aliwahi kuifundisha, na ilipokwisha mkapiga makofi. Hakuna aliyeuliza mpira ule ulipatikana vipi kabla ya kumfikia namba kumi, mchezaji anayeongoza mashambulizi. Mmoja wenu akasema "mgeni njoo, mwenyeji apone," na hapo hapo kikao kikaanza kuzungumzia mshahara. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mwalikwa tu, lakini usiku ule sikupata usingizi, na ndiyo maana ninawaandikia.

1. Jueni ugonjwa kabla ya kumtafuta tabibu. Timu inayopoteza laini-auti zake yenyewe, yaani mipira inayorushwa kutoka pembeni, inahitaji kocha wa mafowadi, wale wa mbele wanaoupigania mpira, na kuiletea kocha wa mashambulizi ni kumpa mtu sufuria ilhali hana unga. Kaeni na mtaalamu wenu wa video, mchukue mechi tano za mwisho, mhesabu tuliingia mara ngapi ndani ya mita 22 za wapinzani, tulitoka na pointi ngapi, mpira ulipotelea wapi, na raki zetu, yaani kuung'ang'ania mpira ulio chini baada ya mchezaji kuangushwa, zilichukua muda gani. Mpira ukitoka chini ya sekunde tatu, ulinzi wa wapinzani bado unarudi nyuma na hata pasi ya kawaida huzaa matunda. Ukikaa hadi refa aanze kumhimiza namba tisa, anayeutoa mpira kwenye raki, autumie, mabeki wa upande wa pili wamekwisha kujipanga na kuhesabiana, na hakuna mchoro wa ubaoni utakaowafungua. Nimewaona watu wakilipa fedha nyingi kununua mipangilio ya podi, yaani vikundi vya mafowadi waliotawanywa uwanjani kama 1-3-3-1 na 2-4-2, kwa timu ambayo mchezaji wake wa pili kufika kwenye raki huchelewa kila mara. Hesabu hiyo ya mechi tano huchukua jioni mbili tu, na sielewi kwa nini kila kamati mpya huiruka.

2. Acheni ubishi wa mgeni na mwenyeji. Katika kila mkutano hapakosekani wa kutaja Moscow mwaka 2013, ambako Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba, wakiwa na kocha Mwingereza Mike Friday walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba. Mwingine humjibu kwa kutaja Singapore mwaka 2016, ambako marehemu Benjamin Ayimba, mwana wa nyumbani, aliwaongoza kuilaza Fiji 30-7 katika fainali na kutwaa taji la kwanza la Kenya katika msururu wa dunia. Wa tatu ataongeza kwamba Shujaa waliposhushwa daraja mwaka 2023, aliyewarudisha mwaka uliofuata alikuwa kocha Mkenya, Kevin Wambua. Wote watatu husema kweli, na wote watatu hulisahau jambo moja, nalo ni kwamba wanazungumzia raga ya dakika 14 ambayo uwanja wenyewe humpa mchezaji nafasi. Katika raga ya wachezaji 15 nafasi hutengenezwa na mafowadi kwa kazi ngumu, awamu baada ya awamu, na kocha aliyeng'ara upande mmoja si lazima aujue upande mwingine. Swali la kujiuliza ni kama mtu huyu anaweza kuwafundisha wachezaji hawa, wanaotoka klabu hizi, kwa wiki hizi chache mlizo nazo.

3. Sikilizeni kimya cha wachezaji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Nilikuwa meneja wa kikosi kilichoteuliwa kutoka klabu mbalimbali, ambacho jina lake nitalihifadhi. Tulimleta kocha wa mashambulizi kwa mkataba wa wiki kumi, na mimi ndiye niliyempigia debe mbele ya kamati. Alikuja na kijitabu cha kurasa 48, kilichochorwa kwa ustadi, ambamo kila rangi ilikuwa na maana yake. Nyekundu ilimaanisha kuendelea upande uleule, na bluu ilimaanisha kurudi upande mpana wa uwanja. Nilikichapisha nakala 32 kwa mkono wangu, nikagawa.

Jumanne ya wiki ya tatu, namba tisa wetu alinifuata kando ya stoo ya vifaa. Alikuwa ametoka kazini Industrial Area, amebadilisha matatu mara mbili katika msongamano wa jioni, na amefanya mazoezi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Kijitabu kilikuwa mkononi mwake, kimekunjwa katikati, kurasa za mwanzo zimejaa alama za kalamu. Akaniambia, "Mzee, naomba dakika moja. Hii bluu yake si bluu yetu. Sisi watatu wa klabu yetu, bluu ni upande mwembamba, tangu tukiwa watoto. Tukichoka tutachanganya."

Nilimjibu mbele ya wenzake wawili. Nilimwambia kwamba mtaalamu amevuka bahari kuja kumfundisha, na kwamba badala ya kutaka mwalimu amfuate yeye, aende nyumbani akasome. Akasema, "Sawa, Mzee." Akakitia kijitabu mkobani, akaenda kutafuta matatu. Hakuniletea jambo lolote tena, wala hakuna mchezaji mwingine aliyeniletea, kwa sababu habari ya namna nilivyomjibu ilikuwa imekwisha kuenea kabla hajafika kituoni.

Kesho yake kocha aliwakusanya wachezaji, akawauliza kama kuna asiyeelewa. Hakuna aliyeinua mkono. Huko alikotoka, mchezaji asiyeelewa husema, hivyo alikichukua kile kimya kuwa ni kuelewa, akaendelea kufundisha kwa furaha. Kwetu sisi, kijana aliyelelewa kwa adabu hamwambii mgeni mkubwa kwa umri, mbele ya kadamnasi, kwamba somo lake halijaingia. Katika uwanja ule ni mimi peke yangu niliyeweza kuitafsiri hali ile kwa pande zote mbili. Sikufungua kinywa, kwa sababu jina langu lilikuwa limefungamana na la kocha, na nilihofia kwamba nikikiri tatizo dogo kamati ingeona nimekosea tangu mwanzo.

Siku ya mechi tulikuwa tukiongoza kwa pointi tatu dakika ya 68, mvua ikianza kunyesha. Tulishinda laini-auti yetu karibu na mstari wa katikati, mafowadi wakaingia, raki ikasimama safi. Namba kumi akapaza sauti, "Bluu!" Wachezaji watatu wa klabu ile wakakimbilia upande mwembamba, wenzao wakakimbilia upande mpana. Nilimwona namba tisa akiwa ameinama juu ya mpira, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kisha akarusha pasi mahali ambapo kwa mujibu wa kijitabu palipaswa kuwa na mtu. Hapakuwa na mtu. Mpira ulidunda mara mbili kwenye nyasi zilizolowa, winga wao akauokota, akakimbia bila kuguswa hadi katikati ya milingoti. Mkwaju ukapita. Tulishindwa kwa pointi nne.

Ripoti ya kiufundi iliandikwa kwamba namba tisa hakujifunza mfumo. Akaachwa katika kikosi kilichofuata, na sahihi yangu ipo chini ya ripoti hiyo. Nilijua chanzo cha pasi ile kuliko mtu mwingine yeyote, na bado nilitia sahihi.

Kocha wetu hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na maarifa haba. Mkataba ulipokwisha nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na tukiwa katika foleni ya ukaguzi nikamsimulia, kwa kuchelewa kusiko na faida, habari ya bluu mbili. Aliweka mizigo chini. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia, kwa kuwa angebadilisha neno lile siku ileile na kutumia lolote tulilolitaka. Sikuwa na jibu la kumpa. Kijana nilimwomba radhi miaka miwili baadaye, na alinipokea kwa heshima ileile aliyoniita nayo Mzee, lakini wakati huo alikuwa amekwisha kuiacha raga.

Kwa hiyo, mkimleta mgeni, kazi yake ya kwanza iwe kukaa na manamba tisa, manamba kumi na manahodha wa klabu za Kenya Cup, ligi yetu kuu ya raga, kila mmoja aeleze wanaitaje mambo kwao. Maneno ya uwanjani yatungwe na wachezaji wenyewe, kwa Kiswahili au kwa Sheng wakitaka. Awepo pia mtu mmoja, asiye na kura katika uteuzi, ambaye mchezaji anaweza kumwendea usiku bila hofu. Na mtu huyo asiwe yule aliyempendekeza kocha.

4. Mambo ya karatasi. Kibali cha kazi cha daraja D kiombwe mapema, kabla ya tiketi ya ndege kununuliwa, kwa maana afisi za uhamiaji pale Nyayo House hazifuati ratiba ya mechi zenu. Mkataba useme waziwazi kama malipo ni kabla ya kodi au baada yake, kwa sababu mtaalamu asiye mkaazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 20 katika ada yake, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Kenya unaoshusha kiwango hicho, na kocha akiligundua hilo siku ya malipo ya kwanza, urafiki huisha. Kocha mkuu awe na kauli ya mwisho katika uchaguzi. Nimeona msaidizi akiletwa na kamati bila idhini ya mkuu wake, na kufikia wiki ya pili kila mmoja alikuwa na wachezaji wake.

5. Usaili ufanyike uwanjani. Mpeni mwombaji wachezaji kumi na wanane wa klabu yoyote, saa kumi na mbili jioni, baada ya wao kutoka kazini, na dakika arobaini. Tazameni anafanya nini wanapochoka, kama anawauliza majina, na kama anapunguza mpango wake anapoona hauingii. Mwulizeni pia atafanyaje wakati wa mvua za masika, uwanja unapokuwa tope na mpira mzito. Mwulizeni vilevile kuhusu mwinuko, kwa kuwa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na teke huenda mbali zaidi hapa. Mpango wa kupiga mateke uliopimwa kwenye nyasi za uwanja wa raga wa Ngong Road hapa Nairobi hautatua palepale mkienda kucheza pwani au ng'ambo. Mwombaji mmoja niliyempenda sana alijibu kwamba angetaka kwanza kutazama mechi mbili za ligi akiwa amekaa na mashabiki. Huyo hatukumpata, kwa sababu kamati ilipendezwa zaidi na video ya mwenzake.

6. Mwekeni kocha wa nyumbani kando yake kuanzia siku ya kwanza, mwenye mshahara na kazi iliyoandikwa, asiwe mbeba koni. Yeye ndiye atakayebaki na faili za video, michoro na sababu za kila uamuzi wakati mgeni atakapopanda ndege, na kila mgeni hupanda ndege.

Nimesikia kwamba mnakutana tena Alhamisi kupiga kura juu ya waombaji watatu. Ahirisheni kura hiyo kwa wiki moja. Ile hesabu ya mechi tano bado haijafanywa, na kijana wenu wa video, ambaye nilizungumza naye juzi, ameniambia kwamba kanda zote anazo na hakuna aliyemwomba.