Sabufa nyembamba kwa pikapu: pima chini ya kiti kabla ya kwenda Luthuli

Mwenye pikapu akiingia dukani kutafuta sabufa, yaani spika ya besi, swali la kwanza analoulizwa ni, "Unataka inchi ngapi?" Swali hilo limewatoa watu wengi Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya muziki Nairobi, wakiwa na spika nzuri isiyo na pa kukaa. Kwa pikapu, upana wa spika ni jambo la pili. La kwanza ni kina. Kutoka sakafuni hadi chini ya kiti cha nyuma una sentimita ngapi? Na kati ya mgongo wa kiti na ukuta wa kabini je? Mimi nina dabo kabini, pikapu yenye safu mbili za viti, inafanya kazi wiki nzima hapa Nairobi na Jumapili inabeba familia. Kila ninapoulizwa kuhusu muziki wake, naanza na utepe wa kupimia.

Mwenye saluni ana buti na mwenye Probox ana nyuma nzima, hata boksi kubwa la inchi 15 litaingia. Sisi nyuma yetu ni bodi la mizigo, pahali pa mvua, saruji na mikono ya watu. Sabufa lazima ikae ndani ya kabini pamoja na abiria, na kabini yenyewe imejaa kabla hujaongeza kitu. Pikapu nyingi huficha jeki na vyuma vyake huko huko nyuma au chini ya kiti. Amua mapema jeki itakaa wapi, kwa sababu siku ya pancha barabara ya Mai Mahiu hutataka kufungua skrubu za boksi ndipo uifikie.

Kupima kwenyewe kunahitaji subira. Inua kiti cha nyuma na utazame sakafu vizuri: haiko sawa. Kuna vibano vya kiti, kuna mwinuko katikati, kuna zulia nene linalodanganya jicho. Halafu kiti kikirudishwa chini, sponji na springi zake hushuka mtu mzima akikalia. Njia ninayoiamini ni hii. Chukua katoni nzito, ukate na kuunganisha boksi la mfano lenye vipimo unavyodhania, uliweke pahali pake. Juu yake bandika madonge ya ule udongo laini wa watoto wa kuchezea, kila moja likiwa na kimo cha kama sentimita 4. Rudisha kiti, waite watu wazima wawili wenye miili yao wakae, wajitikise kidogo, kisha wainuke. Tazama madonge yamebonyezwa kiasi gani. Kimo cha boksi la mfano ukijumlisha na unene uliobaki wa madonge ndicho nafasi yako halisi, na mara nyingi ni ndogo kuliko ile uliyoipata kwa utepe kiti kikiwa kitupu.

Sasa hesabu. Kila sabufa ina kipimo cha kina kilichoandikwa kwenye karatasi zake, yaani urefu kutoka chini ya rimu hadi mwisho wa sumaku. Tuseme ni sentimita 8.5, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa zile nyembamba. Wengi wakiona 8.5 huona nafasi ya sentimita 10 inatosha kabisa. Haitoshi. Nyuma ya sumaku acha kama sentimita 2 za kupumua, hasa ikiwa sumaku ina tundu katikati, maana likizibwa koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni, hupata joto na spika huanza kupuliza sauti ya ajabu. Ongeza ubao wa nyuma wa sentimita 1.8. Boksi lako tayari lina unene wa 12.3. Mbele nako koni inatoka inapocheza, na wavu wa kuilinda unahitaji nafasi, kwa hiyo weka 2.5. Jumla ni 14.8. Spika ya 8.5 inataka karibu sentimita 15 kutoka sakafuni hadi kwenye sponji iliyokaliwa. Ukiwa na 12 tu, tafuta spika nyembamba zaidi, zipo, au tumia nafasi ya nyuma ya mgongo wa kiti. Usikubali fundi akuambie, "Hiyo itaingia tu, bosi." Ikiingia kwa nguvu, koni itagonga kiti na utaichana.

Ujazo wa boksi unapigwa kwa vipimo vya ndani. Boksi langu la mfano lenye unene wa 12.3 lina 8.7 ndani, baada ya kutoa mbao mbili za 1.8. Likiwa na urefu wa ndani wa sentimita 80 na upana wa 32, zidisha zote tatu, gawanya kwa 1,000, unapata lita 22 na kidogo. Ondoa nafasi inayokaliwa na spika yenyewe, unabaki na kama lita 20. Sabufa nyingi nyembamba za inchi 10 hukubali boksi lililofungwa la takriban lita 10 hadi 20, kwa hiyo hapo uko sawa. Karatasi za Marekani huandika kwa futi za ujazo. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Karatasi ikisema 0.5, hiyo ni lita 14.

Nimesema boksi lililofungwa, na kwa pikapu sioni sababu ya lingine. Boksi lenye bomba la hewa linataka ujazo mkubwa zaidi na bomba refu, na chini ya kiti huna vyote viwili. Isitoshe, kabini ndogo iliyofungwa vioo huongeza nguvu za sauti za chini kabisa. Kadiri kabini ilivyo fupi, ndivyo nyongeza hiyo inavyoanza kwenye sauti za juu zaidi kidogo. Boksi lililofungwa hushuka polepole kwenye sauti hizo hizo, kwa hiyo viwili hivi vinafidiana. Ndiyo sababu inchi 10 moja iliyokaa vizuri ndani ya pikapu inaweza kukushangaza, wakati spika hiyo hiyo kwenye sebule ingesikika nyembamba. Uzi wa chini kabisa wa gita la besi, lile linalobeba rumba na benga, hupiga kama 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Sabufa nyembamba nzuri inafika hapo bila shida. Ngoma za kisasa za kompyuta hushuka chini zaidi, na hapo lazima tuseme ukweli: koni ya spika nyembamba haina mwendo mrefu wa kwenda mbele na nyuma, kwa hiyo haitasukuma hewa kama ndugu yake mwenye sumaku ndefu. Anayetaka kutikisa mtaa kama nganya, zile matatu za muziki mkubwa, za Eastlands atafute gari jingine.

Nafasi yako ikiwa ndefu na nyembamba, kama ilivyo chini ya viti vingi vya nyuma, fikiria mbili za inchi 8 badala ya moja ya 10. Ukizidisha 8 kwa 8 mara mbili unapata 128, na 10 kwa 10 ni 100, kwa hiyo mbili ndogo zina uso mkubwa zaidi wa kusukuma hewa, na boksi linakuwa jembamba kwa upana. Ila gharama inapanda, na ujazo wa kila moja lazima utoshe.

Kuhusu wati, soma RMS, yaani nguvu ya kufanya kazi mfululizo, na usahau namba kubwa iliyochorwa kwenye katoni. Katoni itapiga kelele 1,200 au 1,500 na ndani ya karatasi RMS ni 300. Amplifaya nayo soma RMS yake kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) utakazotumia. Hapa ndipo watu huumia kimya kimya. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 inaweza kuunganishwa ikawa omu 2 au ikawa omu 8, haiwezi kuwa 4. Ukinunua amplifaya inayotoa nguvu zake kwenye omu 2, nunua spika itakayofika hapo. Chora kwanza kwenye karatasi, kisha ulipe.

Bidhaa ghushi zipo mjini, tena zimefungwa vizuri. Mimi hubeba mita ya fundi mfukoni. Koili ya omu 4 ikipimwa husoma kati ya 3.2 na 3.8 hivi, ikisoma chini sana au haisomi kabisa, irudishe kaunta. Kisha weka vidole vyote kuzunguka koni na uisukume ndani taratibu, kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo hata mdogo, koili inagusa chuma. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakukataza kufanya hivyo.

Boksi mtengenezee seremala mwenye mashine ya kukata duara, si msumeno wa mkono. Kando ya Ngong Road au Gikomba utawapata. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ya milimita 18 ni nzito na tulivu, lakini ikinywa maji inafura kama mandazi, na sakafu ya pikapu hupata maji ya viatu msimu wa mvua na ya kuoshea gari msimu wote. Mimi napendelea plaiwudi ya majini ya milimita 18, gundi kila ungio, skrubu, kisha silikoni ndani ya pembe zote. Acha silikoni ikauke siku nzima kabla ya kufunga spika, maana mvuke wake si rafiki wa gundi ya koni. Pigia kipande cha mbao katikati kuunganisha ubao wa mbele na wa nyuma. Boksi jembamba lenye uso mpana hutetemeka, na mtetemo huo ni besi inayopotea.

Kwenye nyaya usibanie pesa. Amplifaya ya wati 500 RMS ikifanya kazi kwa nguvu zote inaweza kuvuta zaidi ya ampea 40 kutoka kwa betri. Dukani kwaruza uzi mmoja wa waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu. Ukilazimika kuinunua, chukua nene zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi kama sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kulinda gari lisiungue waya ukichubuka popote njiani. Waya wa ardhi uwe mfupi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Redio yako ya asili ikiwa haina tundu la sabufa, tafuta amplifaya inayokubali kuchukua sauti kutoka kwa nyaya za spika.

Fundi asitoboe sakafu kabla ya kulala chini ya gari na kuangalia kilicho upande wa pili. Huko hupita mirija ya breki na ya mafuta. Nyaya zenye plagi za manjano chini ya viti vya mbele ni za mifuko ya hewa na mikanda, zisiguswe. Na boksi lenyewe lifungwe kwa bolti na vibano vyake, si kwa bolti za mikanda ya usalama. Kitu cha kilo 15 kisichofungwa, gari likigonga, humrukia mtoto aliyeketi nyuma. Kwa jambo hili mimi sina mjadala na mtu.

Mwenye singo kabini, nafasi yako iko nyuma ya mgongo wa kiti peke yake, na kila sentimita unayoichukua inakusogeza karibu na usukani. Pima ukiwa umeketi, mguu kwenye klachi hadi mwisho. Kama unabaki na chini ya sentimita 12, achana na boksi, nunua zile sabufa za bapa zenye amplifaya ndani yake. Besi yake ni ya kiasi, lakini inajaza kabini ya watu wawili vizuri.

Mwisho kabisa, kuweka sauti. Kichujio kinachopitisha sauti za chini tu kianze 80 Hz. Ile swichi ya kugeuza mwelekeo wa koni, jaribu pande zote mbili ukiwa kwenye kiti cha dereva na uache upande wenye besi iliyojaa zaidi. Kitufe cha nguvu (gain) cha amplifaya ni cha kulinganisha na redio; kiongeze hadi kabla tu sauti haijaanza kuchafuka, kisha urudi nyuma kidogo. Kumbuka pia majirani, na Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 kuhusu kelele na mtetemo. Kabla ya kumlipa fundi, mpakie kiti cha nyuma, pitieni barabara yenye matuta muziki ukiwa juu, mlango hadi mlango mkisikiliza nini kinagonga. Ukuta wa nyuma wa kabini ndio hulia sana. Karatasi nzito za kuzuia mtetemo zikibandikwa pale humaliza karibu yote. Mwambie azibandike siku hiyo hiyo.