Gemu inaganda, inakwama au inasuasua?

Swali: "Mwalimu habari za saa hizi, mi napenda kucheza gemu kwenye kompyuta ya nyumbani na siku hizi inanisumbua sana. Nikamwandikia fundi kwamba gemu inaganda, akaniambia zima uwashe tena, nikazima nikawasha, hamna kitu. Alivyokuja kuiona mwenyewe akasema hii haigandi bwana, hii inakwamakwama. Sasa naomba kujua, hayo maneno si kitu kimoja tu? Na pia niseme gemu inakwama au gemu linakwama?"

Jibu: Salama ndugu yangu. Fundi wako yuko sawa na wala hakuwa anajidai na lugha. Hayo maneno yanakaribiana kweli, ila kila moja linaeleza tabia tofauti ya tatizo, na fundi aliye mbali na mashine yako hana kingine cha kushika zaidi ya kitenzi ulichomwandikia. Shida ni kwamba tumeshazoea neno moja kwa kila kitu, picha ikisita inastaki, mtandao ukiwa mbovu inastaki, kompyuta ikizimika nayo eti imestaki (na ukiiandika hivyo mtu akisoma harakaharaka anaweza kudhani gemu imeenda kushtaki mahakamani). Sina ugomvi na hilo neno mkiwa mnapiga stori, ila ukiwa unaomba msaada halimwambii mtu chochote.

Tuanze na kuganda. Kitu kikiganda kinakuwa kigumu na kinabaki hivyohivyo, damu au mafuta hayajigandui yenyewe baada ya nusu sekunde. Kwa hiyo gemu imeganda maana yake picha imesimama, unabonyeza kibodi wee hakuna kinachoitikia, sauti labda inarudia kipande kilekile, na hutoki hapo mpaka uifunge kwa lazima kupitia Task Manager (kwenye Windows unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja) au uzime mashine yote. Ndo maana fundi alivyosoma "inaganda" akakuambia zima uwashe, alijibu kile ulichomwambia.

Kukwama ni kushindwa kupita, na kilichokwama kinaweza kukwamuka. Ukirudia shina ndo unapata kukwamakwama, yaani kinakwama, kinapita, kinakwama tena, vipande vidogovidogo. Kiswahili kina mchezo huu kwenye vitenzi vingi, kusita na kusitasita, kukatika na kukatikakatika, kulia na kulialia, na mara nyingi urudiaji unaongeza idadi ya matukio huku unapunguza uzito wa kila tukio. Sasa angalia jinsi inavyokaa vizuri kwenye gemu: gemu inayokwenda kwa fremu (zile picha mojamoja zinazounda mwendo) 60 kwa sekunde inatakiwa itoe fremu moja kila baada ya milisekunde 16 na ushee, fremu moja tu ikichukua milisekunde 100 jicho linashtuka, hata kama ile namba ya fremu pale kwenye kona bado inaonekana nzuri kwa sababu yenyewe ni wastani. Mtu ambaye gemu yake inakwamakwama mara nyingi mashine yake ina nguvu ya kutosha, ila kuna kitu kinaziba njia kwa muda. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imejaa kwa hiyo kompyuta inaanza kuhamishia vitu kwenye diski ambayo ni polepole mno kuliko RAM, au gemu yenyewe imewekwa kwenye ile diski ngumu ya zamani ya kuzunguka badala ya SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), au umeacha brauza imefunguliwa na madirisha kibao, au kuna programu huko nyuma inajipakulia apdeti kimyakimya. Kuna na gemu mpya ambazo zinaandaa hesabu za michoro mara ya kwanza unapofika sehemu, ukipita hapohapo mara ya pili haikwami. Ukimwandikia fundi "inakwamakwama kila nikiingia eneo jipya" hapo atajua aanzie wapi, na hukuongeza zaidi ya maneno manne.

Kusuasua ni jambo jingine kabisa. Kinachosuasua kinakwenda ila kwa kujivuta, muda wote, hakuna ghafla. Fremu 20 kwa sekunde dakika ya kwanza na zilezile 20 kwa sekunde saa nzima baadaye. Hapa ndo tunauliza uwezo wa kadi ya grafiki (inayochora picha) na prosesa (ubongo wa kompyuta), na njia rahisi ya kujua nani analemewa ni kushusha rezolusheni kutoka 1920 kwa 1080 mpaka 1280 kwa 720, nukta za kuchora zinapungua kwa zaidi ya nusu, gemu ikichangamka basi mzigo ulikuwa kwenye kadi, ikibaki vilevile angalia prosesa. Na kabla hujamlaumu yeyote chungulia nyuma ya kompyuta, kuna watu wana kadi nzuri kabisa lakini waya wa skrini wameuchomeka kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), kwa hiyo kadi imekaa tu haifanyi kazi na picha inachorwa na grafiki ndogo ya ndani ya prosesa.

Afu kuna "inalegi". Hili wengi wanalitumia kwa mtandao, na mi nashauri tuseme mtandao unachelewa, mtandao uwe ndo kiima, maana ukisema gemu inachelewa sijui ni kuchelewa kufunguka au kuchelewa kuitikia. Dalili yake ni kwamba picha inatiririka vizuri tu ila umempiga adui na anaanguka baadaye, au umekimbia mbele na ghafla umerudishwa ulipokuwa. Hapo angalia ping (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi), na usihangaike kupunguza michoro, haihusiani.

Sasa kitu ambacho hukuuliza lakini naona kinakusumbua zaidi, maana kwenye ujumbe wako hakipo: wakati wa kitenzi. Soma sentensi hizi, "gemu ni nzito", "gemu imekuwa nzito", "gemu inakuwa nzito", "gemu huwa nzito nikichomoa chaja". Nne, na kila moja ina ugonjwa wake. "Ni nzito" haina badiliko ndani yake, imekuwa hivyo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo unalinganisha mashine yako na mahitaji ya chini yaliyoandikwa na watengenezaji wa gemu na huenda jibu likawa chungu. Kwenye "imekuwa nzito" ile -me- inasema kuna badiliko limeshatokea na matokeo yake bado yapo, basi swali la kwanza ni nini kiliingia au kutoka kabla ya hapo, draiva ya kadi (programu inayoiendesha) imeapdetiwa? diski imejaa? umeweka programu mpya inayojiwasha yenyewe kila ukiwasha kompyuta? "Inakuwa nzito" badiliko linatokea huku unacheza, imeanza vizuri afu baada ya muda fremu zinaporomoka, na hapo wa kwanza kushukiwa ni joto: prosesa nyingi kikomo chake kiko karibu na nyuzi 95 mpaka 100 za Selsiasi na zikikifikia zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Safisha vumbi kwenye feni, na laptopu itoe kitandani, matundu ya hewa yakizibwa na godoro hata feni nzuri haifui dafu. Na ile ya mwisho, hu- ya mazoea pamoja na -ki- ya sharti, inataja kabisa sababu, laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hubana umeme wa prosesa na kadi, chomeka chaja ucheze. Mtu anayeandika "gemu nzito msaada jamani" bila kitenzi hata kimoja ameificha habari yote hiyo, afu analalamika watu wanamuuliza maswali mengi.

Kidogo tu kuhusu kuzima kwa sababu nalo watu wanalivuruga. Imezimwa, kuna mtu kaizima. Imejizima, imefanya yenyewe, na kompyuta ikijizima katikati ya gemu fikiria joto au pawa saplai isiyotosha. Gemu ikitoka peke yake ukarudi kwenye skrini ya mwanzo huku kompyuta bado inawaka, hiyo sema gemu imejifunga, maana ukisema imezima fundi ataanza kufungua kasha la mashine nzima kumbe ni faili moja la gemu limeharibika.

Haya, gemu inakwama au linakwama. Maneno mengi ya kukopa tunayatia kwenye ngeli ya I-/ZI-, kompyuta inawaka, programu zinafunguka, kwa hiyo gemu inakwama, gemu zinakwama, na hiyo ndo ningekushauri uandike. Ila wapo wengi wanaosema magemu, na mwenye kusema magemu ulimi wake unampeleka mwenyewe kwenye "gemu linakwama, magemu yanakwama", nayo inafuata sheria yake vizuri tu. Kisichokubalika ni kuchanganya, "magemu zinakwama", hapo chagua moja. Ukitumia mchezo basi ni mchezo unakwama, michezo inakwama.